Mjomba wako alikuwa dereva

Songea, mwezi wa Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Muleba. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kuuma, baba yako haendi shambani bila makoti mawili, na mahindi ya bondeni tumeanza kuyavuna. Mdogo wako anakusalimu sana, anasema msimu wa senene ukifika usimsahau.

Nimeshika kalamu kwa sababu jambo hili kwenye simu linanishinda. Wiki iliyopita ulinipigia kwa furaha ukanieleza kwamba kituo chako kipya umekizoea, watoto wa darasa lako wana adabu, ndizi sasa unazila bila kununa, na kwamba siku ulipokwenda Bukoba abiria mwenzako alikuonyesha upande ilipo Kaboya. Nikakuambia, mwanangu, hapo Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera, ndipo alipolala mjomba wako. Ukanyamaza kidogo. Kisha ukauliza, tena kwa upole kabisa: "Lakini mama, si alikufa kwa ajali ya gari tu?"

Nikakuambia salio linaisha. Salio lilikuwepo.

Sikukukasirikia, elewa hivyo tangu mwanzo. Ni kwamba hilo "tu" nilishalisikia kabla hujazaliwa. Mwaka 1980 nilikuwa na miaka 14, na bibi yako alinichukua nimsindikize kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi za kaka yangu. Tulitoka nyumbani alfajiri, tukafika jua limeshapanda, tukakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Karani alifungua faili, akafunua karatasi mbili tatu, akasema bila kuinua macho: "Mama, huyu wako hakuuawa na adui. Alipata ajali tu." Bibi yako akashukuru. Alikuwa mtu wa kushukuru hata alipoumizwa. Njia nzima hakusema neno, na mimi nilikuwa nyuma yake nikiangalia visigino vyake vinavyopiga vumbi. Tulipofika kwenye mwembe ule mkubwa karibu na kisima ndipo aliposimama, akaniuliza: "Kwa nini amesema 'tu'?"

Sikuwa na jibu. Bibi yako amekufa sijampa jibu. Sasa umeniuliza wewe, na wewe uko karibu naye kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu alivyowahi kuwa tangu 1979. Kwa hiyo kaa chini, chemsha chai yako, unisome taratibu.

Mjomba wako alikuwa wa kwanza kuzaliwa, mimi wa mwisho, na kati yetu walikuwepo wanne. Nilipopata akili nilimkuta tayari ni utingo wa roli la ushirika, lile lililopita vijijini kukusanya tumbaku. Kazi yake ilikuwa kuhesabu marobota yanapopanda na kuyahesabu tena yanaposhuka, na kwa kuwa aliogopa sana kusingiziwa wizi, kila safari aliandika kwenye kidaftari kidogo alichokiweka mfuko wa shati: tarehe, alikotoka, alikokwenda, mzigo. Tabia hiyo hakuiacha mpaka mwisho, na wewe utaona ilivyotufaa. Alirudi nyumbani ananuka dizeli. Bibi yako alimpa majivu na mchanga asugue mikono kabla hajagusa chakula, naye alisugua huku akiimba, na bado ugali wake ulibaki na alama za vidole vyeusi. Mimi niliupenda ugali wenye alama hizo. Nilikuwa naomba kipande chake.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na maroli yakaenda kwingine. Akakaa nyumbani miezi michache, hana raha, kila gari likipita barabarani anasimama kulitazama. Halafu akaenda JKT, na kutoka huko jeshi likamchukua, likamfundisha udereva rasmi. Aliporudi likizo ya kwanza na leseni mfukoni, bibi yako aliipokea ile leseni kwa mikono miwili kama anavyopokea mtu ekaristi. Kasoro ilikuwa moja. Kwenye kuandikishwa, jina letu la ukoo, ambalo lina L, mtu alilitamka kwa R na likaandikwa kwa R. Jambo hilo lilimuudhi kupita kiasi. Alisema, "Nikifa kwa jina hili watanizika mtu mwingine." Tulicheka wakati ule.

Vita umefundishwa shuleni na sasa wewe mwenyewe unafundisha, kwa hiyo sitarudia yote. Lakini uliyoyasoma kwa mstari mmoja sisi tuliyasikia kwa redio, usiku kwa usiku. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaitwaa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, zaidi ya kilometa za mraba 1,800, naye akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mpaka wa Uganda ni huo mto. Mkoa unaoishi wewe ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera umelipata baada ya vita. Watu waliuawa mashambani mwao, wengine wakachukuliwa, ng'ombe wakaswagwa, mabati yakang'olewa kwenye mapaa. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Ukipata nafasi simama Kyaka utazame kilimani. Magofu ya kanisa lililopigwa wakati ule bado yapo, wameyaacha makusudi.

Usiku wa hotuba ya Mwalimu Nyerere tulikusanyika kwa jirani mwenye redio. Ilikuwa tarehe 2 Novemba. Maneno yale wewe umeyasikia mara nyingi, ya sababu, uwezo na nia, mpaka labda yamekuwa kama wimbo. Kwetu hayakuwa wimbo. Bibi yako alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na madereva nao wanakwenda?" Mwenye redio akamjibu, "Mama, hao ndio watatangulia."

Walipita kwetu katikati ya mwezi huo, msafara mrefu kuelekea Njombe, na yeye akaruhusiwa kusimama dakika kumi kwa sababu nyumba yetu ilikuwa barabarani pale pale. Nilipanda hatua ya mlango nikachungulia ndani: kiti kimepasuka upande mmoja na kushonwa kwa uzi wa katani, chupa ya maji, na picha ya kadi ya Krismasi aliyoibandika juu ya kioo. Bibi yako alimpa mfuko wa karanga za kukaanga. Unajua aliuliza nini kaka yangu, anakwenda vitani? Aliuliza, "Mbolea mmeshapata?" Bibi akasema bado. Akasema, "Fuatilieni mapema, mvua haisubiri." Halafu akawasha gari. Mimi nilitaka apige honi. Akanionyesha kwa kichwa gari la mbele alimokuwa afande, akatikisa kichwa, akatabasamu. Hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho.

Sasa kuhusu kidaftari. Nilikitunza kwenye boksi la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Nimekwenda stesheneri nikakitoa nakala, kurasa zote 31, na nakala hiyo nimeiweka ndani ya bahasha hii. Chenyewe nitakupa siku utakayokuja, sikiamini basi. Kisome wewe mwenyewe, lakini ngoja nikutolee machache.

Novemba ni safari za Bukoba na Kyaka tupu. Vitu vilitoka Dar es Salaam kwa treni mpaka Mwanza, vikavuka ziwa kwa meli mpaka Bukoba, na hapo bandarini ndipo akina mjomba wako walipoanzia. "Bk – Kyaka. Unga, magunia 60. Maharage 20." "Bk – Kyaka. Maji, mapipa." "Bk – Kyaka. Risasi. Nimebeba usiku." Daraja la muda lilipowekwa mtoni anaandika: "Nimevuka. Foleni saa nne. Chuma kinalia." Sentensi hiyo naipenda, "chuma kinalia". Nimewahi kuota sauti ile ingawa sikuisikia.

Januari jeshi letu lilichukua Mutukula, na kuanzia hapo safari zake zinakuwa ndefu, na maandishi yanakuwa mafupi. Ndipo ninapoanza kuona safu ambayo mwanzoni haikuwepo. Zamani aliandika mzigo wa kwenda tu, kwa sababu kurudi gari lilikuwa tupu. Sasa anaandika na wa kurudi. "Kwenda: mikate, risasi. Kurudi: majeruhi 4." "Kwenda: maji. Kurudi: majeruhi 6, wawili wamelala." Nilipokuwa binti nilidhani hao wawili walisinzia kwa uchovu. Nilikuwa nimeshaolewa nilipoelewa.

Tarehe 12 Machi ameandika: "Lukaya. Majeruhi 9. Maji yamekwisha njiani, nimewapa ya rejeta." Lukaya ni kwenye ile barabara inayopita katikati ya vinamasi kati ya Masaka na Kampala, usiku wa tarehe 10 na siku iliyofuata ndipo askari wetu, na wengi wao wakiwa mgambo, watu wa jembe kama sisi, walipokutana na jeshi la Amin likiwa na Walibya waliotumwa kumsaidia. Walirudi nyuma usiku, wakarejea asubuhi wakashinda. Hayo yameandikwa vitabuni. Ya rejeta hayakuandikwa. Mimi sijui gari, nikamuuliza fundi mmoja hapa mjini kama maji ya rejeta yananyweka. Akasema mama, yana kutu na mafuta, hayafai, na ukiyatoa gari lenyewe linaweza kuchemka likakuachia njiani. Nikamuuliza, na mtu akiwa amepigwa risasi ana kiu? Fundi akanitazama sana, hakujibu.

Ninakuomba ufikirie kidogo, wewe ni mwalimu. Jeshi lile lilipanuka kwa miezi michache likawa na watu zaidi ya 100,000, wanajeshi, mgambo, polisi, magereza. Walikwenda Kampala kwa miguu. Hilo kila mzee atakuambia kwa fahari, na wana haki ya fahari hiyo. Mtu anayetembea kutoka Mutukula mpaka Kampala na bunduki begani atakula nini? Atakunywa nini? Risasi zake zikiisha Masaka nani anamletea? Hospitali iko nyuma, nani anamrudisha? Kila hatua waliyopiga mbele, barabara ya akina mjomba wako ilirefuka hatua hiyo hiyo, na yao waliipita kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Na hili la ajali. Waandishi wa habari wawili waliofuatana na jeshi letu mpaka Kampala waliandika kwamba wanajeshi wetu 373 walikufa katika vita ile, na kwamba waliouawa kwenye mapigano yenyewe walikuwa 96. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliweka miwani chini. Miaka yote nilidhani kaka yangu ni wa peke yake, kwamba wenzake wote walianguka kwa risasi na yeye peke yake kwa tope. Kumbe upande wake ndio wenye watu wengi. Vijana waliokufa nje ya mapigano ndio wengi kati ya waliolala. Tukisema "ajali tu", mwanangu, tunawaondoa karibu watu watatu katika kila wanne.

Ukurasa wa mwisho una tarehe 27 Machi. Maandishi yamelala upande, kama aliandikia gotini. "Mutukula – Masaka. Risasi, unga. Mvua. Taa marufuku. Sijalala toka juzi."

Yaliyobaki tuliambiwa na dereva mwenzake, mwenyeji wa Tabora, aliyekuja nyumbani mwishoni mwa 1980. Mtu huyo alitoka Tabora mpaka Songea kwa fedha yake kuja kutuambia. Ilikuwa ile miaka ya dhiki baada ya vita, tulipoambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18 na mikanda ikafika tundu la mwisho. Sukari ni ya foleni, sabuni ni ya kubahatisha. Yeye alikuja na kidaftari na nusu mche wa sabuni, vyote amevifunga kwenye gazeti moja, na bibi yako alipofungua hakujua ashike kipi kwanza. Akashika sabuni. Aliishika akainusa, nadhani alikuwa anaogopa kile kingine.

Alituambia hivi. Usiku ule walikuwa magari manane. Taa hazikuruhusiwa, kwa hiyo kila gari lilifungwa kitambaa cheupe nyuma, na dereva alifuata kitambaa cha mwenzake. Mvua ikawa kubwa. Yeye alikuwa anafuata kitambaa cha kaka yangu, na anasema kilikuwa kinayumba kidogo, kinatulia, kinayumba. Walishapita Mutukula, hawajafika Kyotera. Mahali fulani ukingo wa barabara ulikuwa umelika kwa maji, na kitambaa kikaenda kushoto, kikashuka, hakikuonekana tena. Walipofika na tochi gari lilikuwa limelala ubavu, magunia juu yake. Kijana wa mgambo aliyekuwa utingo wake alikuwa hai, amevunjika mguu. Kaka yangu alikuwa kwenye usukani.

Sitaongeza kitu hapo. Watu kadhaa wa ukoo wamekuwa wakiongeza, kwamba alimsukuma yule kijana nje, kwamba alipigwa na adui kwanza. Nawaelewa, wanataka kumpa heshima. Lakini kulikuwa na giza, na yule wa Tabora hakuona hayo, na alitembea mbali mno kuja kutuambia ukweli ili sisi tuufunike kwa hadithi. Dereva alikuwa hajalala siku mbili, barabara ilikuwa imelika, na mbele kulikuwa na watu wanaosubiri unga na risasi. Hayo yanatosha.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Tarehe 11 Aprili redio ilitangaza kwamba Kampala imeangukia mikononi mwetu. Kijiji kizima kilitoka nje. Ngoma za lizombe zikatolewa, wazee waliokuwa wagonjwa wakasimama, pombe ikapatikana sijui kutoka wapi. Nilicheza mwanangu. Nilicheza mpaka khanga ikanidondoka, nikapiga vigelegele nikisema kaka yangu anarudi, kaka yangu atapiga honi sasa hakuna wa kumkataza. Bibi yako naye alicheza, na ninyi wajukuu hamkuwahi kumwona bibi yenu akicheza. Tulicheza mpaka alfajiri, na yeye alikuwa ameshalala ardhini wiki mbili.

Habari ilifika Mei. Walikuja watu wawili na mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti alivua kofia akiwa bado mbali, kule kwenye kona ya migomba. Bibi aliona ile kofia inavuliwa, akaingia ndani akafunga mlango. Matanga tulikaa siku tatu bila mwili, bila kaburi. Watu hawakujua waketi wakielekea wapi. Bibi yako hakucheza ngoma tena mpaka kifo chake, hata kwenye harusi yangu. Nami kwa miaka mingi niliona aibu kwa usiku ule, kana kwamba nilikanyaga kaburi lake. Sasa naona vingine kidogo. Kile tulichokuwa tunakichezea yeye alikibeba kwenye roli. Alikuwa na haki ya kuchezewa ngoma, na bahati ni kwamba tulimchezea kabla hatujajua, kwa sababu baada ya kujua tusingeweza.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la tatu tulivyokupeleka hapa makumbusho ya Majimaji, tarehe 27 Februari? Ulishika kidole changu ukasoma kwa sauti majina ya walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906, wale 67, ukafika kwa Mkomanile ukaruka kwa furaha: "Mama, huyu ni mwanamke!" Ulitaka kujua alifanya nini. Nikakuambia aliwapokea wajumbe walioleta habari ya dawa ya maji, akawashawishi wakubwa wa Kingoni wajiunge na vita. Hukuuliza aliua Wajerumani wangapi. Hakuna mtu Songea anayeuliza hivyo. Wametajwa pamoja. Nakukumbusha kwa sababu nadhani moyo wako ulishalijua jibu tangu una miaka tisa, ni hilo neno moja dogo lililokuteleza kwenye simu.

Kila tarehe 25 Julai mimi huwasha televisheni mapema. Najua mpangilio wote: Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, halafu anakuja mwakilishi wa wazee waliopigana vita, anaweka shoka. Hapo kwa mzee mwenye shoka ndipo ninapolia, kwa sababu natazama mikono yake na kupiga hesabu, kaka yangu angekuwa na mikono ya namna gani leo. Mwaka 2013 sherehe zilifanyika huko huko Kaboya, Rais Kikwete akaenda. Kamera ikapita kwenye mnara mweupe wenye majina, ikapita haraka. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha televisheni. Baba yako akaniambia nitaumia macho.

Nilitaka kwenda mwenyewe. Mara ya kwanza nauli niliyoiweka ililipia ada yako ya sekondari, na sijuti. Mara ya pili baba yako akaugua. Sasa ni magoti. Siku tatu za basi kutoka Songea mpaka Bukoba sitaziweza. Kisha wizara ikakupangia Muleba, katika shule zote za nchi hii. Ulilia siku ile ukasema wamekutupa mbali. Mimi niliingia jikoni nikapiga magoti.

Kwa hiyo nakuomba uende. Usingoje sherehe, siku ya sherehe kuna watu wengi na huwezi kusimama unapotaka. Nenda Jumamosi ya kawaida. Lile ni eneo la jeshi, huwezi kuingia tu kama sokoni; fika getini kwa adabu, chukua kitambulisho chako cha kazi na nakala ya cheti cha ubatizo cha mjomba wako ambacho pia nimekiweka kwenye bahasha, useme wewe ni mpwa wake na umetumwa na dada yake. Vaa gauni refu. Beba karanga. Ndiyo, karanga za kukaanga, kidogo tu kwenye karatasi, na ukiruhusiwa ziweke chini, usiporuhusiwa wape askari wa getini wale, nao ni wale wale. Kisha msomee ukurasa wa tarehe 12 Machi, ule wa rejeta. Usome kwa sauti, maana nataka na wenzake walio jirani wasikie. Huenda mmoja wao alikuwa kwenye gari siku hiyo. Mwambie mbolea tulipata, ila ilichelewa. Mwambie mama alicheza.

Usipoweza kunipigia ukiwa pale pale, nipigie jioni. Nitakuwa macho.

Na jambo moja la mwisho, nalo nimelibeba miaka mingi. Tazama jalada la kidaftari kwenye nakala. Ameandika jina lake kamili kwa herufi kubwa, na ile L ya jina la ukoo ameipigia mstari mara mbili, kalamu imekaribia kutoboa karatasi. Ukifika kwenye mnara, tafuta kwanza kwa L. Usipoliona, tafuta kwa R. Halafu uniambie waliandika ipi.

Mimi mama yako.